Kabla Maabara Haijafika Ikolo

Mkulima wa kakao katika kata ya Ikolo, wilayani Kyela, ana vibarua asiowaona. Akishapasua matunda na kutoa mbegu zenye utando mweupe, huzivundika katika sanduku la mbao au juu ya majani ya mgomba, akazifunika na kuziacha. Chachu huanza kuila sukari ya utando. Bakteria wa asidi hufuatia. Joto hupanda hadi kukaribia nyuzi 50. Mbegu hufa, na katika kufa kwake hujengeka msingi wa ladha ambayo mnunuzi wa Ulaya huilipia. Kazi hiyo huchukua siku tano hadi saba. Akikosea kugeuza, ubora huanguka, na bei huanguka nao. Hakuna aliyemtunuku shahada ya mikrobiolojia, lakini ndiyo anayoifanya kila msimu.

Lipo tawi la sayansi linalotaka kuwapangia vibarua hao kazi upya. Baiolojia sanisi (neno lenye ukoo mmoja na ule usanisinuru tuliousoma sekondari) huandika vinasaba kama fundi anavyochora ramani ya nyumba, kisha humtia chachu au bakteria maelekezo mapya: tengeneza dawa hii, toa harufu ile, badilika rangi ukikutana na sumu. Kwa miaka zaidi ya 20 sasa, mlango mkuu wa wanafunzi kuingia katika sayansi hii umekuwa mashindano. Napenda kuyatazama mashindano hayo kutokea ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo ufukwe ule umelijua kwa muda mrefu kuliko maabara yenyewe: nani humuuliza nani, na lini?

Januari 2003, katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) nchini Marekani, wanafunzi walipewa kozi fupi ya kubuni vipande vya DNA vitakavyowafanya bakteria kumetameta kwa vipindi. Mwaka uliofuata vyuo vitano vikashindana. Ndivyo ilivyoanza iGEM. Baada ya miaka kumi na mitano hivi timu zilikuwa zimepita 300, kutoka kila bara, japo Afrika imekuwa na timu chache mno. Sababu haihitaji utafiti: ada ya kusajili timu pekee ni maelfu ya dola, kabla hujanunua kemikali wala tiketi ya ndege. Kilele cha mashindano kilifanyika Boston kwa miaka mingi, na tangu 2022 kimehamia Paris.

Mwaka 2006 wanafunzi wa Edinburgh waliwasilisha bakteria aliyebuniwa kutambua aseniki katika maji. Walikuwa wakiwafikiria watu wa Bangladesh, ambako visima vilivyochimbwa kwa nia njema viliwanywesha mamilioni ya watu sumu hiyo. Wazo lilikuwa rahisi na zuri. Lakini bakteria aliyebadilishwa vinasaba akitoka maabara kwenda kisimani huzua maswali ambayo maabara haina majibu yake: nani ataruhusu, nani atamwaga mabaki, nani atabeba lawama mtu akiugua? Chombo cha aina hiyo kilionekana kuhitaji majadiliano kabla ya kuhitaji kiwanda. Miaka michache baadaye waandaaji wa iGEM walifanya jambo ambalo taasisi nyingi za utafiti zenye fedha zaidi hazikulifanya: waliingiza katika vigezo vya medali wajibu wa timu kuonyesha imezungumza na nani nje ya maabara, imejifunza nini kwao, na muundo wa mradi umebadilika vipi kutokana na mazungumzo hayo.

Tangu hapo, pembeni mwa mirija na mashine, kumekuwa na warsha katika shule, maonyesho sokoni, michezo ya kuigiza, mahojiano na wakulima na wavuvi, semina za maadili. Nyingine ni za maana. Nyingine ni mapambo: picha ya watoto waliovaa miwani ya maabara, karatasi ya mahudhurio, na aya mbili katika ripoti. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kuelezwa warsha ya namna hiyo ikoje. Nchini kwetu neno lenyewe limeshikamana na posho kiasi kwamba mwaliko usiotaja nauli huonekana kama haujakamilika. Kinachotenganisha warsha ya kweli na ya mapambo ni kile kigezo cha mwisho tu: je, waliokuja kuuliza waliondoka na mpango tofauti na ule waliokuja nao?

Kwa kigezo hicho, historia ya kaskazini mwa Nyasa inafundisha mengi, maana watu wa huko wameulizwa sana. Joseph Thomson alifika kwenye ncha ya ziwa mwaka 1879, akaandika kwa mshangao kuhusu usafi wa makazi na migomba yao. Monica na Godfrey Wilson waliishi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, wakauliza kuhusu ukoo, mazishi, ng'ombe na vile vijiji vya marika ambavyo vilimpatia Monica kitabu mashuhuri cha mwaka 1951. Ng'ambo ya Mto Songwe, huko Karonga, kwa ndugu zao Wangonde, utafiti wa ukoma ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970 ulipita nyumba kwa nyumba. Jaribio la chanjo ya BCG lililofuata liliandikisha watu zaidi ya 100,000, na matokeo ya mwaka 1996 yaliifundisha dunia kwamba kurudia chanjo hiyo huongeza kinga dhidi ya ukoma lakini si dhidi ya kifua kikuu. Na Kyela yenyewe ilikuwa miongoni mwa maeneo ya utafiti mrefu wa 2006 hadi 2011 uliofanywa na watafiti wa Mbeya na Munich. Kutokana na damu iliyotolewa Kyela, jarida la Lancet lilichapisha mwaka 2016 kwamba wenye vimelea vya matende walipata maambukizi mapya ya VVU kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya wasio navyo.

Silaumu tafiti hizo. Elimu iliyopatikana ni ya thamani, na wagonjwa wengine walitibiwa. Ila tazama mwelekeo wa swali. Kila mara lilitungwa mbali, likaletwa kijijini likiwa limekamilika, na jibu likasafiri kwenda London, Munich au Cape Town. Mwananchi alikuwa na haki ya kukubali au kukataa kutoa damu, basi. Kusema, "Swali lenu si hilo, swali letu ni hili," hakukuwa na safu yake katika dodoso.

Hata hivyo tuliwahi kuwa na utaratibu mwingine, na ulikuwa wa kwetu. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Radio Tanzania ziliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Zilitangulia kampeni ndogo zaidi: Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, na Wakati wa Furaha mwaka 1971, Tanganyika ilipotimiza miaka kumi ya uhuru. Mtu ni Afya ilizipita zote kwa ukubwa. Takriban watu milioni mbili walijiunga katika vikundi vipatavyo 75,000 kwa majuma kumi na mawili. Viongozi wa vikundi walifunzwa kwa ngazi: timu ya taifa iliwafunza wa mikoa na wilaya, nao wakashuka hadi kwenye kata na vijiji. Kila kikundi kilikusanyika kwenye redio, kikasikiliza kipindi, kikasoma kijitabu kwa sauti ili wasiojua kusoma wasiachwe, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya kabla ya juma lililofuata. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu.

Wanahistoria wameisoma kampeni hii kwa macho mawili, na macho yote yanaona. Ilikuwa elimu ya umma ya kiwango ambacho nchi maskini chache zimewahi kukifikia. Ilikuwa pia kazi ya chama kimoja na serikali iliyokuwa mbioni kuwahamishia wananchi katika vijiji vya ujamaa, ambapo tofauti kati ya kuhamasishwa na kuamriwa ilitegemea katibu kata wako ni nani. Mada zilipangwa Dar es Salaam. Sauti ya redio haikuweza kusikia.

Lakini muundo wake ulikuwa na tundu moja muhimu: yale majadiliano baada ya redio kuzimwa. Chukua choo. Maelekezo ya kitaifa yalikuwa kuchimba shimo. Katika uwanda wa Kyela, ambako maji ya ardhini yako karibu na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika wakati wa masika, shimo refu linaweza kugeuka kisima kichafu, na mafuriko yakaja kuyatawanya yaliyomo hadi kwenye maji ya kunywa. Wilaya ambayo kipindupindu kimeirudia mara kwa mara ina sababu ya kulijadili hilo. Mtaalamu wa makao makuu hakuwa na namna ya kuliona kutoka mezani kwake; mzee aliyezaliwa bondeni alilijua tangu utotoni. Kikundi ndicho kilikuwa mahali pekee ambapo maarifa hayo mawili yangeweza kukaa kwenye mkeka mmoja. Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975, kisha uchumi ukadorora, fedha zikakauka, na vikundi vikasahaulika. Tulipoanza tena kuzungumza juu ya "ushirikishwaji wa jamii" katika miaka ya 1990, tulilizungumzia kama jambo lililoletwa na wafadhili.

Mashindano ya sayansi kwa wanafunzi tunayo pia. Young Scientists Tanzania ilianzishwa mwaka 2011 kwa kufuata mfano wa Ireland, na maonyesho yake ya kwanza yalifanyika mwaka 2012. Uzuri wake ni kwamba wanafunzi wa sekondari huanza na tatizo la kwao: maji ya kijiji, wadudu wa ghalani, ugonjwa wa kuku. Nchi iliyomtoa Erasto Mpemba, mwanafunzi aliyechekwa na darasa zima kwa kusema maji ya moto huganda kabla ya baridi, hata alipomuuliza mhadhiri mgeni, Denis Osborne, naye akakubali kwenda kulijaribu jambo hilo maabara, inapaswa kuelewa kuliko nyingine faida ya kumwacha asiye mtaalamu aulize.

Sasa linganisha na jinsi tulivyoendesha suala la vinasaba kitaifa. Tanzania iliridhia Itifaki ya Cartagena mwaka 2003, na ibara yake ya 23 inaitaka nchi mwanachama ishauriane na umma katika kufanya maamuzi kuhusu viumbe waliobadilishwa. Mwaka 2016 mahindi ya kustahimili ukame yaliyobadilishwa vinasaba yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio. Novemba 2018 Katibu Mkuu wa Wizara ya Kilimo aliagiza majaribio yasimamishwe na masalia yateketezwe. Januari 2021 Waziri wa Kilimo alitangaza tena kusitishwa kwa tafiti hizo. Wapo wenzangu walioshangilia na wapo waliolia. Mimi nilihesabu kitu kingine: ruhusa ilitolewa kwa barua, na katazo likatolewa kwa barua. Mkulima wa mahindi hakuwa mshindi wala mshindwa katika shauri hilo, kwa kuwa hakuwa mhusika.

Anayedhani haya ni ya mahindi peke yake aikumbuke artemisini. Dawa mseto ya malaria hutegemea mmea wa Artemisia, ambao wakulima wa Tanzania, Kenya na Uganda walihimizwa kuulima. Mwaka 2006 maabara ya Jay Keasling huko California ilieleza jinsi chachu iliyobuniwa upya inavyoweza kutoa asidi ambayo dawa hiyo hutengenezwa kutokana nayo. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilianza kuzalisha kwa njia hiyo nchini Italia. Kwa mgonjwa wa malaria, na Kyela inao wengi, dawa isiyotegemea mvua ilikuwa habari njema. Kwa mkulima ilikuwa mshindani aliyetokea bila hodi. Ikawa kwamba bei ya zao la shambani ilishuka, kiwanda kikashindwa kushindana nalo, kikauzwa. Mkulima alinusurika kwa kuwa alikuwa amelipwa kidogo mno. Huo si ushindi wa kujivunia.

Kakao sasa imefika kwenye foleni hiyo. Mwaka 2024 bei yake katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, na Kyela, inayoongoza kwa zao hili nchini, ilijisikia tajiri kwa muda. Bei hiyohiyo ndiyo iliyowapa nguvu wanaokuza seli za kakao ndani ya matangi huko California na Uswisi, bila mti, bila masika, bila sanduku la kuvundikia. Pengine hawatafika popote. Pengine, kinyume chake, mwanafunzi wa Mbeya atabuni chachu itakayofupisha uvundikaji na kumwongezea mkulima ubora. Kisheria, njia hizo mbili zitapita kwenye meza zilezile za Dodoma.

Mkutano mkuu wa AMCOS huko Kyela una ajenda zake: makato, magunia, siku ya mnada, malipo yaliyochelewa. Afisa ugani akialikwa husema kuhusu magonjwa ya mti na unyevu wa mbegu. Itifaki ina umri wa zaidi ya miaka 20, kanuni zipo, na redio za jamii zipo nyingi kuliko mwaka 1973. Katika hizo ajenda hakuna mstari wa matangi ya California, na hakuna afisa ambaye kazi yake ni kuuandika.