Mto Rusizi, Herodotus na Vijana wa Fizi

Lipo dai linalopendwa sana katika vitabu vyepesi vya historia: kwamba Mgiriki mmoja, Diogenes, alitoka Rhapta kwenye pwani ya mashariki ya Afrika, akatembea siku 25 hadi kwenye maziwa makubwa ya bara. Dai hilo huwapa watu wa maziwa fahari. Lakini mwanajiografia Ptolemy, ambaye ndiye shahidi wake, hakusema hivyo. Aliandika huko Alexandria yapata mwaka 150 BK, akimnukuu Marinus wa Tyre. Diogenes alikuwa akirudi kutoka India, upepo wa kaskazini ukamsukuma kusini kutoka karibu na Rasi Guardafui, naye akaenda siku 25 nchi ikiwa kuliani kwake. Siku hizo ni za tanga, si za miguu. Ptolemy mwenyewe aliongeza sahihisho alilolipata kwa wafanyabiashara wengine: maziwa ya Nili hayako ufukweni, yako mbali bara. Hata Milima ya Mwezi, ambayo kitabu chake kinaitaja penye chanzo cha Nili, wapo wataalamu wanaoshuku kwamba iliingizwa kitabuni na mikono ya baadaye.

Wengine husikia hivyo wakaamua kuwa Wagiriki na Warumi hawatuhusu. Hao nawapinga zaidi. Herodotus, katika karne ya 5 KK, alisafiri Misri akimuuliza kila aliyekutana naye Nili inatoka wapi. Karani wa hazina ya hekalu huko Sais alimwambia kuna milima miwili, na katikati yake chemchemi zisizo na mwisho. Nusu ya maji huenda kaskazini, nusu kusini. Ati Farao Psammetichus alisokotesha kamba ya maelfu ya pima, akaitosa humo, isiguse chini. Herodotus alihisi anataniwa. Hata hivyo aliyaandika yote, kisha akatoa hoja yake: huenda maji yalikuwa na mkondo na mizunguko mikali, ndiyo maana kamba haikufika. Mtoto wa Baraka, mji wetu wa Fizi kando ya Ziwa Tanganika, aliyewahi kutosa uzi wa ndoana penye mkondo ataielewa hoja hiyo kabla mwalimu hajaimaliza, na kipimo cha pima hahitaji kufundishwa.

Karne nyingi nazipita upesi: Waarabu walimtafsiri Ptolemy, na wachora ramani wa Ulaya wakamnakili. Ninapotaka kukaa ni Aprili 1858, kwa sababu mwaka huo swali la Herodotus lilipita mbele ya Baraka kwa mtumbwi.

Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke, waliokuwa wakitafuta chanzo cha Nili, walivuka Ziwa Tanganika kutoka Ujiji hadi Ubwari. Burton, msomi aliyekijua Kilatini na Kigiriki vizuri, aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Ni rasi, kama ajuavyo kila mvuvi wa Fizi, na ghuba iliyo kati ya rasi hiyo na Baraka ingali ikiitwa kwenye ramani kwa jina la Burton. Walikuwa wakitafuta mto wa kaskazini mwa ziwa, Rusizi. Kama Rusizi ingekuwa inatoka ziwani, basi Tanganika ingeweza kuwa mama wa Nili. Mfanyabiashara Hamed bin Sulayyim alikuwa amemwambia Speke kwamba mto unatoka.

Tarehe 26 Aprili walifika Uvira. Wana watatu wa mtawala Maruta walikuja kuwasalimu. Walipoulizwa, walijibu kwamba mto wanaujua na kwamba unaingia ziwani. Burton mwenyewe aliandika jinsi moyo ulivyomvunjika. Wapiga makasia walikataa kuendelea mbele, safari ikaishia hapo. Mwaka 1864, akiwa katika ugomvi mkali na Speke kuhusu chanzo cha Nili, Burton alitoa kitabu pamoja na mwanajiografia James MacQueen kilichodai kwamba ziwa linamwaga maji yake kaskazini. Ushahidi wa wana wa Maruta ukawekwa kando.

Wanaomtetea Burton husema mashahidi waligongana. Ni kweli waligongana, lakini wana wa Maruta walikuwa majirani wa mdomo wa mto na hawakuwa na nadharia ya kuilinda. Mnamo Novemba 1871 wapelelezi Livingstone na Stanley walipiga makasia hadi hapo wakaona maji yakiingia. Ilichukua miaka 13 kuthibitisha walichosema vijana watatu wa Uvira.

Livingstone namwonea huruma. Aliyakubali ya Rusizi, lakini aliendelea kuzitafuta chemchemi za Herodotus hadi alipofariki mwaka 1873, akidhani Lualaba ni Nili. Stanley alithibitisha mwaka 1877 kwamba Lualaba ni Kongo. Livingstone aliamini hadithi ambayo Herodotus mwenyewe aliitilia shaka.

Kilatini kilikuja baadaye na Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki waliofungua misheni Mulweba mwaka 1880 na Kibanga mwaka 1883, zote kwenye pwani hii. Kusini zaidi, Stefano Kaoze alikisoma katika seminari ya Mpala, akawa padri wa kwanza Mkongo mwaka 1917. Mpaka leo shule zetu zina sehemu ya Latin-Philo. Lugha ilifika, lakini ilifundishwa kwa ajili ya altare, kisha kwa ajili ya mtihani wa taifa. Swali la Herodotus liliachwa nje ya darasa.

Vijana wengi wa Bibokoboko, hapa Fizi, vita viliwashusha kutoka milimani hadi Baraka, na madarasa ni ya shida. Lakini somo hili halingoji maktaba. Walimu wa Fizi, anzeni na kamba ya Psammetichus, kisha waulizeni wanafunzi wenu wangemwamini nani pale Uvira mwaka 1858, Hamed au wana wa Maruta, na kwa sababu gani. Waacheni wabishane mpaka kengele ilie. Sarufi ya Kilatini ifuate wiki ya pili.