Waya, swichi na faili: Tofauti ya ‘kusanidi’ na ‘kukimu’ simu

Neno ‘simu’ tumelirithi kutoka Kiajemi, ambako ‘sim’ ni waya. Asili hiyo ina uzito kuliko tunavyodhani, mpenzi msomaji, kwani kwa zaidi ya miaka 100 nambari ya simu ilikuwa mali ya waya, wala si ya chombo kilichowekwa mezani.

Hapo mwanzo opereta ndiye aliyewaunganisha watu kwa mkono. Mwaka 1891, Almon Strowger, mfanyabiashara wa mazishi huko Kansas City, Marekani, alipata hataza ya swichi ya kuunganisha simu bila opereta. Mwaka uliofuata, kituo cha kwanza cha aina hiyo kikafunguliwa mjini La Porte, Indiana. Husimuliwa kwamba Strowger alikuwa amechoshwa na opereta aliyewapelekea washindani wake wateja.

Swichi ilimwondoa opereta, ila fundi akabaki. Karani akihamishwa kutoka ghorofa ya pili hadi ya tano, sharti fundi aje na bisibisi, aufuate waya hadi kwenye kisanduku, aung’oe hapa na kuufunga pale. La sivyo, nambari ingebaki kwenye dawati la zamani.

Mambo yaligeuka sauti ilipoanza kusafiri kwa intaneti. Itifaki ya SIP, inayoanzisha na kukatisha mazungumzo, ilichapishwa 1999 na kuandikwa upya 2002. Sasa nambari imo kwenye akaunti. Simu ya ofisi ikichomekwa, huomba anwani kupitia DHCP, na papo hapo huelekezwa kwenye seva. Huko huchukua faili inayolingana na kitambulisho ilichopewa kiwandani, chenye herufi na tarakimu 12. Faili hiyo ndiyo huiambia nambari yake, jina la mtumiaji na nywila. Fundi aliye Nairobi anaweza kuibadilisha simu ya Kisumu bila kuinuka kitini.

Je, kazi hii tuiiteje? Wengi wetu husema ‘kusanidi’ na kumaliza. Kwa maoni yangu, hapa pana vitendo viwili. Kusanidi ni kupanga mipangilio: lugha ya skrini, mlio, kazi ya kila kitufe. Kuipa simu nambari, nywila na ruhusa ya kupiga nje ni kitendo kingine. Kwa hicho napendekeza ‘kukimu’, kitenzi tunachokijua katika ‘kujikimu’, yaani kujipatia mahitaji.

Tofauti hii si ya kujionyesha kwa msamiati. Itifaki ya TFTP, iliyochapishwa 1981 na kutumiwa sana kugawia simu faili, haiulizi nywila wala haifichi kinachopita. Anayejua kitambulisho cha simu na kuifikia seva anaweza kuomba faili, achukue nywila iliyomo, kisha apige simu za ng’ambo na bili iletewe ofisi. Ndiyo maana watengenezaji wengi wakaweka njia ya HTTPS na vyeti vya kuthibitisha utambulisho.

Meneja anayeambiwa tu kwamba simu “zimesanidiwa” huridhika na kutia sahihi. Akiwa na maneno mawili, atauliza zaidi: Ni nani anayezikimu? Faili zinakaa kwenye seva ya nani? Tukimfukuza fundi huyu leo, kesho ataweza kuingia? Strowger naye alitaka kujua ni nani aliyeketi kati yake na wateja wake.