Kutoka Medali Hadi Miba: London na Njiwa Wake

Tarehe 12 Agosti 1949, saa maarufu kuliko zote duniani ilichelewa. Hapakuwa na bomu, hapakuwa na nati iliyolegea. Ni ndege tu. Kundi la kwenzi lilitua kwenye mshale wa dakika wa Big Ben pale London, wakajipanga kama abiria kwenye benchi la stendi, na uzito wao ukaubania mshale. Saa ikabaki nyuma kwa dakika nne na nusu hivi. Yaani saa iliyopita salama kwenye vita kuu ya dunia, ikaja kuyumbishwa na vindege ambavyo kimoja hakifiki hata gramu mia.

Miaka ile kwenzi walikuwa kero ya mji kwelikweli. Kutwa nzima wanakula mashambani na pembezoni, jua likizama wanarudi katikati ya mji kwa maelfu kulala kwenye kingo za majengo, kwa sababu mjini kuna joto. Kelele, harufu, na asubuhi ngazi za kanisa na benki zimepakwa chokaa ambayo hakuna fundi aliyeitwa kuipaka. Wakubwa walihangaika nao mpaka ikawa vichekesho: mwaka 1954 BBC walirusha mchezo mzima wa redio kuhusu serikali inayoshindwa kuwaondoa kwenzi katika uwanja wa Trafalgar. Leo kwenzi haohao wamo kwenye orodha nyekundu ya ndege wanaopungua Uingereza. Walikuja kupungua wakati hakuna tena anayewahesabu kuwa adui. Hiyo iache kwanza, maana kwenzi ni utangulizi tu. Stori yenyewe ni ya njiwa.

Ili uelewe kwa nini njiwa hang'oki mjini, lazima ujue kwao ni wapi. Njiwa wa mtaani ni kizazi cha njiwa wa kufugwa waliotoroka mabandani, na wale wa kufugwa nao walitokana na njiwa wa porini anayeishi kwenye majabali ya baharini. Kwa hiyo akitazama jengo la ghorofa sita lenye kingo, nguzo na sanamu, yeye haoni wizara wala benki. Anaona jabali. Anaona nyumbani kwa babu yake, tena chini yake kuna watu wanadondosha mkate. Mwambie ahame aende wapi?

Binadamu naye ndiye aliyemleta. Alimfuga kwa nyama, kwa kinyesi cha mbolea, na zaidi ya yote kwa kipaji chake cha kurudi nyumbani hata ukimwachia mbali namna gani. Katika Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliandikisha njiwa wapatao 250,000 kubeba ujumbe. Ndege za kivita zilikuwa zikiruka na njiwa ndani ya kisanduku, redio ikifa, yeye ndiye redio.

Februari 1942 ndege moja ya kivita ilianguka Bahari ya Kaskazini ikirudi kutoka Norway. Watu wanne majini, kwenye baridi ile, na mahali walipo hapajulikani. Wakamwachia njiwa wao, jike aliyeitwa Winkie, akiwa amelowa mafuta. Akaruka kama kilomita 190 mpaka nyumbani kwake Scotland. Hakubeba hata karatasi. Wanajeshi walipiga hesabu kwa muda aliotumia na upepo wa siku ile, wakakadiria ndege imeanguka wapi, wakawakuta wale jamaa wako hai. Wakamfanyia dhifa, naye akiwa mgeni wa heshima. Desemba 1943 Winkie na njiwa wenzake wawili wakawa wa kwanza kabisa kupewa medali ya Dickin, ambayo ndiyo nishani ya juu ya ushujaa kwa wanyama. Kati ya medali 54 zilizotolewa mpaka 1949, 32 zilikwenda kwa njiwa. Mbwa wamekaa pembeni wanapiga makofi.

Halafu kuna hili ambalo halisimuliwi sana. Mwaka 1940 serikali hiyohiyo iliruhusu kwa amri kozi wauawe, yule mwindaji anayeshuka angani kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, kwa sababu alikuwa anawala njiwa wa jeshi njiani. Inakadiriwa kozi kama 600 walipigwa risasi, na mayai na makinda yao yakaharibiwa. Kamata hiyo picha: dola nzima inaua mwewe ili njiwa wapite.

Sasa ruka mbele miaka sitini.

Mwaka 2000 London ilichagua meya wake wa kwanza kwa kura za wananchi. Jamaa alikuwa na mambo mengi mezani, lakini moja alilivalia njuga mapema: njiwa wa Trafalgar. Wakati huo uwanja ule bila njiwa ulikuwa haujulikani. Watalii walikuwa wanapiga picha wakiwa na njiwa kichwani, mabegani, mikononi. Ilikuwa ndiyo selfie ya zama zile kabla selfie haijapata jina. Makadirio yaliyokuwa yakitajwa ni kwamba kundi lilifika hata njiwa 35,000. Na walikuwepo kisheria kabisa, maana pale uwanjani palikuwa na mtu mwenye leseni ya kuuza punje za kuwalisha. Biashara ya familia, imerithiwa kwa miongo. Babu aliuza, mjukuu anauza.

Meya akawaita njiwa panya wenye mabawa. Ofisi yake ikataja hasara ya pauni 140,000 kwenye mnara wa Nelson, ule ambao shujaa wa majini amesimama juu yake tangu 1843 akipakwa kinyesi kila siku bila kulalamika. Hoja haikuwa ya uongo, kwani kinyesi cha njiwa kina asidi, na mawe ya chokaa na asidi hayajawahi kupatana. Kikilundikana kinaziba mifereji, kinaotesha kuvu, kinachafua hewa. Fundi yeyote aliyewahi kusafisha dari lenye njiwa atakwambia hiyo si kazi ya kufanya bila barakoa.

Lakini kuna njia mbili za kumkataza ndege asitue. Ya kwanza ni kulishughulikia jengo: miba ya chuma kwenye kingo, nyavu, waya, gundi, bundi wa plastiki ambaye njiwa akishamzoea anamkalia kichwani. Ya pili ni kushughulikia chakula. Meya akaenda kwenye chakula, na hapo ndipo aligusa tumbo la mtu pia.

Leseni ya muuza punje ikagomewa. Yule bwana hakukubali kuondoka kimyakimya. Alikwenda na mawakili, na mwaka 2001 wakamalizana kwa fidia, akafunga meza yake. Ukitazama kwa macho ya mji mkuu wa dunia, ni meza moja tu imeondoka. Ukitazama kwa macho yake, ni kazi ya ukoo imefutwa kwa sababu wateja wake wa kweli, wale wenye mabawa, hawatakiwi tena. Kuna filamu ya Disney ya mwaka 1964, Mary Poppins, ambayo kikongwe anayeuza chakula cha ndege kwenye ngazi za kanisa la St Paul's amewekwa kama moyo wa London wenyewe. Miaka 37 baadaye mtu wa kazi ileile analipwa aende nyumbani.

Wapenzi wa njiwa wakawaka. Hoja yao ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja: mmewazoesha kula hapa vizazi na vizazi, mkikata ghafla watakufa kwa njaa mbele ya macho ya watoto. Wakaanza kuja na magunia yao wenyewe. Yakafanyika mapatano ya kupunguza chakula polepole. Kisha mwaka 2003 ikaja sheria ndogo: kulisha ndege uwanjani ni kosa la faini. Kumbe sheria ilikuwa na tundu. Ile baraza ya kaskazini, mbele ya jumba la makumbusho ya picha, haikuwa chini ya meya bali chini ya halmashauri nyingine. Walishaji wakasogea hatua chache, wakaendelea kumwaga punje mchana kweupe huku maaskari wanatazama. Ilichukua mpaka 2007 tundu lile kuzibwa.

Na katikati ya hayo yote, mji ukaajiri mwewe. Mwewe wa Harris, asili yake Amerika, anatembezwa uwanjani asubuhi kwenye glavu ya mfugaji wake. Kazi yake si kuua sana, ni kuonekana. Wapinzani wa meya walipiga kelele kuhusu maelfu ya pauni yaliyokuwa yakienda huko kila mwaka, lakini njiwa walipungua kutoka makumi ya maelfu hadi elfu chache. Sifa akapewa mwewe, kwa sababu mwewe anapigika picha. Ukweli ni kwamba mwewe peke yake asingefanya lolote punje zingekuwa bado zinamwagwa. Venice nao walikuja kugundua hilohilo, mwaka 2008 wakapiga marufuku uuzaji wa punje katika uwanja wa St Mark's.

Tangu hapo mwewe wa mjini akawa staa. Viwanja vya tenisi vya Wimbledon vina wao, Rufus, mwenye kitambulisho cha kazi chenye picha na akaunti yake mtandaoni. Mwaka 2012, mashindano yakiendelea, wezi wakamwiba usiku ndani ya gari. Taifa likasimama. Siku chache baadaye akapatikana, na habari ikapewa uzito ambao mbunge akipotea asingeupata.

Msomaji wa Dar, Unguja au Mombasa asicheke sana lakini. Yule kunguru mwenye shingo ya kijivu anayekukodolea macho kutoka kwenye paa la bati hakuja kwa kupotea njia. Aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, kwa makusudi, ale taka za mji. Taka zikazidi, kunguru wakazidi, wakavuka kuja bara. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja. Ni yaleyale: mji unamwita ndege kwa shida zake, halafu unamshitaki kwa kuja.

Turudi kwenye miba, maana haikubaki kwa ndege. Juni 2014 wakazi wa London waliona vichongo vya chuma vimechomekwa sakafuni kwenye kona ya mlango wa jengo la makazi ya kisasa. Havikuwa vya njiwa. Vilikuwa vya watu wasio na makazi, wasilale pale. Picha zikasambaa, saini zaidi ya laki moja zikakusanywa, na ndani ya siku chache vikang'olewa. Watu walikasirika kwa sababu kifaa walikitambua. Walikuwa wamekiona juu ya madirisha maisha yao yote, sasa kimeshuka usawa wa mgongo wa binadamu. Desemba 2017, mji wa Bristol, miba ikapandishwa juu ya miti, kwenye matawi, ili ndege wasichafue magari ya bei mbaya yaliyoegeshwa chini. Mti wenye miba ya kufukuza ndege! Hiyo nayo mtandao haukuiacha salama.

Ndege nao wamejibu kwa namna yao. Mwaka 2021, katika ua wa hospitali moja ya Antwerp, Ubelgiji, lilikutwa kiota cha ndege wa jamii ya kunguru, mweusi mwenye tumbo jeupe. Watafiti walipokihesabu walipata miba ya chuma isiyopungua 1,500, ile ile ya kufukuza ndege, iliyong'olewa kwenye paa la hospitali pamoja na gundi yake. Karibu mita 50 za ukanda wa miba zilikuwa zimepotea. Na haikuwekwa ovyo: miba ilikuwa kwenye paa la kiota, imetazama nje, inakinga mayai yasiliwe na ndege wengine.

Huku London, miaka ya 2000 hiyohiyo ya vita vya njiwa, kozi walianza kurudi. Wale wale waliouawa kwa amri mwaka 1940, ambao baadaye sumu za mashambani zilikaribia kuwamaliza kabisa. Jozi moja ikazoea bomba la moshi la Tate Modern, jengo la zamani la kufua umeme lililogeuzwa jumba la sanaa, ng'ambo ya mto ukitazamana na St Paul's. Nao waliona jabali. Kinyesi chao kina asidi kama cha njiwa, lakini hakuna aliyewapelekea nyavu wala bundi wa plastiki. Sheria inawalinda, na chini ya bomba watu wa kujitolea walisimika darubini ili wapita njia wachungulie bure. Chakula chao kikubwa pale mjini ni njiwa.