Hadhira ya Siti binti Saad: Namna Wasikilizaji Walivyomuenzi Mwimbaji Aliyefariki

Siti binti Saad alifariki Unguja tarehe 8 Julai 1950. Tangu siku hiyo yameandikwa mengi juu ya sauti yake, juu ya safari ya Bombay ya mwaka 1928, na juu ya Shaaban Robert aliyemwandikia wasifu. Zilizoandikwa kidogo ni habari za watu waliokaa mbele yake wakimsikiliza, na za wale waliokuja kukaa mbele ya waimbaji waliomfuata ili wazisikie tena nyimbo zake, ilhali mwenyewe yumo kaburini. Katika makala haya tunakusudia kuwatazama watu hao. Sisi tunaofundisha Kiswahili upande wa Mbarara, kuanzia Bwizibwera iliyo kwenye barabara ya Ibanda hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, tuna sababu yetu ya kulishika jambo hili, nayo tutaieleza kwa mahali pake.

Siti alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 katika ukoo uliokuwa chini ya utumwa, akaitwa Mtumwa. Alifundishwa ufinyanzi akawa akitembeza vyungu kuviuza, na watu waliijua sauti yake kwa kunadi biashara kabla ya kuijua kwa nyimbo. Mwaka 1911 alihamia mjini. Taarabu ya siku zile ilikuwa mambo ya kasri na ya vyama vya waungwana, kama Ikhwani Safaa kilichoundwa mwaka 1905, na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake, akina Maalim Shaaban, Subeti Ambari, Buda Swedi na Mbaruku, wakaiimba kwa Kiswahili. Hapo ndipo hadhira ilipogeuka. Wengi waliosikiliza Kiarabu bila kukijua walikuwa wakisikiliza sauti tu; waliomsikiliza Siti walisikia habari za mtaa wao, na huenda wakasikia na habari zao wenyewe.

Nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, upande wa mji waliokaa wachukuzi, mafundi, watumishi na watu waliotoka utumwani karibuni. Usiku watu walikusanyika hapo kusikiliza mazoezi. Laura Fair, mwanahistoria aliyewahoji wazee wa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kutoa kitabu chake mwaka 2001, ameonyesha jambo ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko yote yaliyosemwa juu ya Siti. Wazee wale walipousikia wimbo, hawakuanza kwa kuusifu uzuri wake. Walianza kueleza tukio lililouzaa: nani alifanya nini, kesi ilikwendaje, hakimu aliamuaje. Mfano unaojulikana sana ni wimbo wa Kijiti, mtu aliyemwua mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, kisha akavuka bahari akaponea bara, huku wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi wakawa ndio waliotiwa hatiani kwa sababu ya tembo. Wimbo huo ulikuwa hukumu ya pili, iliyotolewa na Ng'ambo baada ya ile ya mahakama, na kila aliyeuitikia alikuwa ametia sahihi yake katika hukumu hiyo.

Kwa hiyo wasikilizaji wa Siti hawakuwa watu wa kukaa kimya. Ada ya taarabu inajulikana hata leo. Msikilizaji anayeguswa na ubeti huinuka, huenda mbele kwa mwendo wa madaha, ameinua fedha yake juu ili ionekane, na humtunza mwimbaji. Wageni hudhani kwamba hayo ni malipo ya uimbaji mzuri. Sivyo, au tuseme si hivyo tu. Kinachoangaliwa na wenyeji ni ubeti gani uliomwinua mtu, na jicho lake lilielekea kwa nani alipokuwa akipita. Mwanamke aliyeinuka penye beti za hasidi amekwisha kumjibu hasidi wake bila ya kufungua kinywa, na aliyebaki kitini ameeleweka pia. Mshairi ametunga fumbo moja; wanaolifumbua ni waliohudhuria, kila mmoja kwa haja yake.

Sasa yafaa tuulize mambo haya yanakuwaje mwimbaji anapokufa. Katika desturi ya Waislamu wa pwani maiti hazikwi kwa nyimbo. Heshima anayofanyiwa ni dua, hitima na sadaka, na wapo wengi wanaoona kwamba kuzipiga nyimbo za marehemu ni kumwongezea mzigo badala ya kumpunguzia. Rai hiyo haifai kudharauliwa, maana wenye kuishika mara nyingi ndio jamaa wa karibu wa marehemu. Kwa upande wa pili lakini, kuna santuri. Siti ndiye aliyefungua mlango wa nyimbo za Kiswahili kutiwa katika santuri, na sauti iliyopigwa na gramafoni katika mikahawa alipokuwa hai haikunyamaza mwezi ule wa Julai. Msikilizaji alikuwa na marhumu aliyeombewa msikitini na mwimbaji aliyekuwa akiimba mkahawani, na wote wawili walikuwa mtu mmoja.

Heshima iliyo mashuhuri kati yetu walimu ni *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert, uliochapwa mwaka 1958. Tumeufundisha, tumeunakili ubaoni, tumeutungia maswali. Ni kazi bora, na Kiswahili chake ni cha kuigwa. Hata hivyo yatupasa tuseme wazi kwamba ndani yake Siti amekuwa kielelezo cha tabia njema na juhudi, mtu aliyetoka chini akapanda kwa akili yake, na kelele za Ng'ambo zimetulizwa sana. Msomaji wa wasifu hana pa kuinukia. Anasoma peke yake, anakubali, anafunga kitabu. Kwa mwandishi aliyetaka vijana wapate mfano wa kufuata, hilo lilikuwa kusudio lake na hatuna la kumlaumu. Kosa ni la wale wanaodhani kwamba aliyekwisha kuusoma wasifu amekwisha kumsikia Siti.

Aliyeibeba hadhira ile mpaka zama zetu ni Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kote kwa jina la Bi Kidude. Mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani. Uimbaji aliupata kwa kumsikiliza Siti, si kwa kukaa darasani, na nyimbo za Siti alikuwa akiziimba hadi uzeeni, ukiwamo ule wa muhogo wa Jang'ombe, mtaa ulio huko huko Ng'ambo. Kila aliposimama kuuimba alikuwa akifanya tamasha la kumkumbuka marehemu, ijapokuwa hakuna tangazo lililobandikwa ukutani kusema hivyo. Tamasha hilo lilidumu zaidi ya miaka 60, na wasikilizaji wake hawakufanana.

Katika harusi za Unguja walimtunza kama ada inavyotaka. Hapa pana jambo la kufikiriwa: fumbo ni la marehemu, lakini fedha inapokelewa na mkono ulio hai. Wasikilizaji hawakuona tatizo. Walimtunza Kidude kwa maneno ya Siti kwa sababu ya jirani yao wa mwaka ule, na hivyo wimbo wa zamani ulipata kesi mpya. Ng'ambo ya bahari, Ulaya na Japani, mambo yalikuwa mengine. Huko hadhira haikujua Kiswahili. Ilimwona bibi kizee mwembamba, ikaisikia sauti nene yenye mikwaruzo, ikastaajabu, ikasimama kumpigia makofi baada ya wimbo kwisha. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza. Makofi yale yalikuwa ya haki, lakini yalimhusu yeye tu. Jirani hakuwamo, wala Siti. Na katika Ngome Kongwe, kwenye tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004, hadhira zote mbili zilichanganyika uwanja mmoja: vijana wa Unguja waliomwita bibi yao, na watalii wenye kamera.

Kuna na waliochukia. Bi Kidude alikuwa pia mwalimu wa unyago, na alizipeleka ngoma za unyago jukwaani mbele ya wanaume na wageni. Baadhi ya wanawake waliona kwamba kilichofunzwa ndani kimetolewa nje. Tunalitaja hili kwa kuwa na kununa nako ni jibu la hadhira, tena jibu la watu wanaoujua wimbo vizuri kuliko wapigao makofi.

Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013, akazikwa kesho yake Kitumba. Rais Jakaya Kikwete alikuwa miongoni mwa waliohudhuria maziko. Hayakuwa maziko ya nyimbo. Yalikuwa ya sala na dua kama ya Mwislamu mwingine yeyote, na umati uliokuwa ukimtunza jukwaani uliinua mikono kumwombea. Nyimbo ziliendelea redioni. Ule mgawanyo tuliouona kwa Siti ukarudi vile vile baada ya miaka 63.

Na sasa tuseme sababu yetu. Katika Uganda Kiswahili kiliwahi kuitwa lugha ya askari, na wazazi wengi walikiogopa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikiweka kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa hiyo Siti anaingia madarasani mwetu pamoja na fasihi ya pwani, na wanaokutana naye ni watoto wa desturi nyingine kabisa za kusikiliza. Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, ikatambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda. Leo katika kanda zake za Base Camp, Juru na Rubondo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine. Kuna watoto wa Kivu ambao Kiswahili kimekuwa chao tangu ndani ya nyumba, ila si Kiswahili cha Unguja, na wamekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba kile chao kibovu.

Mtoto wa Ankole amekulia penye *ekyevugo*, majigambo ya mashujaa na ng'ombe, ambamo msemaji hutamka kwa kasi na waliokaa huitikia kila ubeti unapokwisha. Kwake yeye kunyamaza mbele ya msemaji ni kumkatiza nguvu. Anapoisikia taarabu huitafuta nafasi ya kuitikia, na akiikosa huona imepoa. Mtoto wa Burundi huenda amemsikia mzee akipiga *inanga* ya kunong'ona, ambayo sauti yake ni ndogo hata mkohozi mmoja huiharibu. Kwake kunyamaza ndiyo heshima yenyewe. Mkongo, kwa upande wake, amewaona watu wazima wakimbandikia mwanamuziki noti katika kipaji cha uso, na kati ya wote yeye ndiye anayeelewa kutunza bila ya kufundishwa, ingawa hatasema wamefanya hivyo kwa fumbo.

Kwa wanafunzi wa Kikongo tunaweza kumtaja pia Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili cha huko kwao akijipigia gitaa, na aliyerekodiwa na Hugh Tracey mjini Jadotville, siku hizi Likasi, mwaka 1952. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990. Wasikilizaji wake hawakuwa na mtaa mmoja kama Ng'ambo. Walitawanyika kutoka migodini hadi Nairobi, na wengi waliipokea sauti yake kwa santuri na redio. Namna yao ya kumuenzi ilikuwa vidoleni: walikaa na magitaa wakatafuta zile nyuzi mpaka wakazipata, na wapigaji wa Kenya wa miaka ya 1960 wamebeba alama yake. Hatujui kama hiyo ni kusikiliza kidogo au kusikiliza zaidi. Sisi tunaelekea kusema zaidi.

Jambo linalotutia wasiwasi ni mtihani. Swali linalozoeleka humtaka mwanafunzi aeleze maudhui, ataje tamathali, atoe funzo. Kijana wa Rubondo aweza kupata alama zote bila ya kupata kujua kwamba wimbo huu ulikuwa na mtu mbele yake aliyeinuka, na mwingine aliyenuna, na jirani aliyefungwa kwa kusema kweli. Tena huyo kijana ndiye mwenye haki ya kwanza ya kulijua hilo, kwani wengi wa Nakivale wana kesi ambazo hazikupata hakimu, na wanazo nyimbo zilizozitaja.

Tunapendekeza basi, kwa wenzetu wenye hata simu moja na kipaza sauti kidogo, kwamba sauti itangulie kitabu. Wimbo upigwe mara mbili bila maelezo. Mara ya tatu kila mwanafunzi apewe karatasi, na penye ubeti unaomgusa ainuke aiweke mezani, bila kulazimishwa kusema kwa nini. Wa Ankole waachwe waitikie. Aliyekaa kimya kama msikilizaji wa *inanga* asiandikwe kuwa hakushiriki. Baada ya hapo ufunguliwe ukurasa wa kwanza wa Shaaban Robert, karatasi zikiwa bado juu ya meza.