Ordinatere haijakufa: kidogo ya historia ya kiini cha Linux

Wandugu, huku Kalemie ordinatere nyingi tunazotumia zilishatumika kwanza mahali pengine. Zingine zinavuka ziwa kutoka Kigoma, zingine zinatoka Lubumbashi. Windows ikizishinda, mwanafunzi anaweka Linux, anafurahi miezi mitatu. Siku moja anaweka kerneli mupya (kerneli njo kiini cha mfumo, ile sehemu inayosemezana na mashine yenyewe), na kesho yake ekra ni nyeusi. Watu wanasema: imekufa. Mimi nilisoma kilimo, si informatiki, lakini wanaponiletea mashine za namna ile, mara nyingi hakuna kilichokufa. Kiini kiko, diski iko. Kilichokatika ni njia kati yao, na njia hiyo iko na historia yake.

Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, kule Finland. Mwanzo wa 1991 alinunua ordinatere yenye prosesa ya Intel 386. Tarehe 25 Agosti mwaka ule akatangaza kwamba anatengeneza mfumo mdogo, wa kujifurahisha tu. Version 0.01 ikatoka Septemba, na 1.0 ikangojewa mpaka Machi 1994. Wakati ule kukompili kerneli mwenyewe haikuwa kujionyesha. Watu wengi walikuwa na RAM ya megabaiti 4 ao 8, na ukiweka draiva za kadi zote za dunia, nafasi inaisha. Basi unajibu maswali moja moja, hii ndiyo, hii hapana, kisha unaacha mashine ikitumika masaa na masaa.

Sasa nani anaamsha kile kiini? Miaka ile alikuwa LILO. LILO hakujua kusoma mafaili. Alikariri tu namba za mahali kerneli imelala kwenye diski, sawa mlinzi wa depo anayejua "gunia la tatu, mustari wa pili" bila kuona limeandikwa nini. Ukiweka kerneli mupya bila kumwambia, yaani bila kurudia amri ya lilo, anaenda mahali pa zamani na kukuta kitu kingine. Mara nyingine mashine inaandika herufi mbili, L na I, kisha inanyamaza. Ni watu wangapi walifuta diski nzima juu ya herufi mbili! GRUB, aliyeanza 1995, alifundishwa kusoma mafaili mwenyewe, na ugonjwa ule ukapungua.

Ukaja mwingine. Diski za zamani za IDE ziliitwa hda, hdb. Kuanzia 2006 na 2007 draiva mupya zikaanza kuziita sda, sdb, kama zile za SCSI. Diski ni ileile, jina tu njo limebadilika. Fikiria barua iliyoandikwa Albertville inafika mikononi mwa posta kijana ambaye anajua Kalemie tu. Faili ya fstab ilikuwa bado inaandika hda1, kerneli mupya inatafuta, haioni, inakata tamaa. Debian 6, ya Februari 2011, ilibidi iwaonye watu mbele ya kupanda version. Dawa ilikuwa kuita diski kwa UUID, namba ndefu mbaya kusoma lakini isiyobadilika draiva ikibadilika. Kwangu mimi ile namba mbaya ni moja ya mambo ya akili sana katika historia hii yote.

Siku hizi ugonjwa wa kawaida ni initramfs. Kerneli za sasa zinabeba draiva nyingi nje yake, ndani ya kifurushi kidogo kinachofunguliwa kwenye RAM ili diski ya kweli ipate kuonekana. Kifurushi kikikosekana ao kikiandikwa nusu, kerneli inaamka haioni diski. Na kwetu, ambako umeme unaweza kwenda katikati ya kazi, kuandikwa nusu si hadithi. Ingine ni sehemu ya /boot kujaa kerneli za zamani, ya mupya inakosa pa kuingia vizuri.

Mbele ya kufuta chochote: kwenye ordodha ya GRUB chagua kerneli ya zamani. Iko pale, mifumo kama Debian na Ubuntu inaiacha kwa makusudi, sawa vile mkulima haliishi mbegu ya mwaka jana mbele ya kuona ya mupya imeota. Ikiwaka, safisha /boot kama imejaa, tengeneza upya kile kifurushi kwa update-initramfs, kisha update-grub. Chomeka batri iliyojaa kwanza.

Kinachonikera ni luga. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Lakini kerneli yenyewe inapolia, inalia kwa Kiingereza tu. Mtoto wa hapa aliyesoma kwa Kifaransa anaona mistari ishirini ya hofu, kumbe mmoja tu wa katikati unasema: sikuona diski ya mzizi.

Na kuna mashine ambazo kerneli inaziacha kweli. Ile 386 aliyoanzia Torvalds iliondolewa katika version 3.8, Februari 2013, na mwenyewe hakuililia. Debian 13, ya Agosti 2025, haitoi tena kerneli ya bit 32 wala njia ya kuiinstali kwenye mashine za namna ile, na hapa mjini bado ziko. Ila Debian imekoma kuikompili tu. Ndani ya kodi ya Linux ilipotoka Debian 13, bit 32 ilikuwa bado iko. Mwenye mashine ya nguvu anaweza kuikompili usiku mmoja na kumpelekea jirani kwa kle USB.