Kahawa ya Kilimanjaro na Safari ya Uhuru Wetu

Kila Desemba 9, hapa Minneapolis na Saint Paul, tunawasimulia watoto wetu habari za mwaka 1961, TANU na Mwalimu Nyerere. Ni vyema wajue pia kwamba miaka mingi kabla bendera haijapandishwa, wakulima wadogo wa kahawa walikwisha kuanza kudai haki yao.

Kahawa ililetwa Kilema, mitelemkoni mwa Kilimanjaro, na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Wachagga wakaipanda vihambani, chini ya kivuli cha migomba. Walowezi wa Kizungu hawakufurahi. Walitaka Mwafrika azuiwe kulima zao hilo, abaki kibarua wao. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, chini ya Joseph Merinyo, ili kulinda mibuni yao na kuuza kwa pamoja. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi vya vijijini.

Safari haikuwa tambarare. Wakoloni walipolazimisha kahawa yote ipitie KNCU na bei ikawa duni, wakulima walighadhibika, na mwaka 1937 wakavamia majengo ya ushirika. Baada ya Uhuru, mwaka 1976, serikali yetu wenyewe ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, ikavirudisha miaka ya 1980. Funzo ni lile lile: ushirika ni wa mkulima pale tu sauti yake inaposikika.

Watoto wetu wanaijua siagi ya Land O'Lakes. Ushirika huo ulianzishwa hapa Saint Paul mwaka 1921, viwanda vidogo vya siagi vya wafugaji vilipoungana. Mfugaji wa Minnesota na mkulima wa Moshi walijua jambo moja: kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliodhibiti soko la kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka. Biashara ya haki ikawa mojawapo ya njia za kujinusuru, na KNCU ikajiunga nayo. Mjini Minneapolis, Peace Coffee ilianza mwaka 1996 kununua kahawa ya vyama vya wakulima, ikiisambaza kwa baiskeli.

Katika biashara hiyo, ushirika huhakikishiwa bei ya chini: tangu Agosti 2023, dola 1.80 kwa ratili ya arabika iliyooshwa. Juu yake huongezwa senti 20, ambazo wanachama huamua pamoja matumizi yake, iwe shule, zahanati au miche mipya. Si utajiri, kikombe kimoja katika mkahawa wa hapa huweza kuzidi bei hiyo. Lakini mkulima hupata pa kusimamia soko linapoyumba.

Jambo hili linatuhusu. Wengi wetu tunaovaa sare za uuguzi katika hospitali za hapa tulisomeshwa na mazao: kahawa, pamba, korosho. Wazazi walisubiri malipo ya pili ya ushirika ndipo karo ilipwe.

Basi watoto wetu, mnaponunua kahawa, someni pakiti. Ulizeni imetoka chama gani, na mkulima amelipwaje. Nasi wazazi, kahawa ya sherehe zetu na itoke kwa ushirika wa wakulima. Uhuru ni pamoja na mkulima kupata haki ya jasho lake.