Omo, Tezi na Maneno Yaliyopanda Reli

Nairobi haina bahari. Mji huu ulianza mwaka 1899, reli ilipofika penye maji baridi ambapo Wamasai walinywesha ng'ombe wao, na toka hapo mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 500 kwa garimoshi. Walakini mkaazi wake hapitishi siku bila ya kutumia neno la mabaharia. Dereva wa matatu aendaye Kangemi hushika usukani. Na usukani, kabla ya kuwa gurudumu mikononi mwake, ulikuwa ubao wa nyuma ya chombo ugawanyao maji. Mchezaji aongozaye timu ya mpira huitwa nahodha, neno litokalo katika Kiajemi, lenye maana ya bwana wa chombo. Mashindano yakianza, gazeti husema yameng'oa nanga. Timu ikishindwa, mambo yamekwenda mrama, yaani yamelala upande huu na upande huu kama chombo kilichopigwa ubavuni na mawimbi.

Hata pande za dunia zina chumvi ndani yake. Mwanafunzi asemapo kwamba Kiambu iko kaskazini ya mji na Dagoretti iko magharibi, ametumia vipimo viwili mbalimbali bila ya kujua. Magharibi na mashariki ni maneno ya asili ya Kiarabu, yatokanayo na kuchwa na kuchomoza kwa jua, nalo jua mtu wa bara huliona sawasawa na mtu wa pwani. Bali kaskazini ni huko utokako upepo wa Kaskazi, uvumao toka Desemba hivi mpaka Machi, ulioyaleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Na kusini ni utokako upepo wa Kusi, ulioyarudisha kwao. Pale Westlands hakuna autumiaye upepo huo kwa safari, lakini jina lake limo katika ramani ya kila darasa.

Msafara huu wa maneno, hata hivyo, haukuchukua yote. Yako yaliyoachwa pwani, na mengi ya hayo ndiyo yaliyoeleza mahali ndani ya chombo. Itazame methali isemayo: Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika madarasa ya Nairobi, tezi ni kitu cha mwilini ambacho daktari hukitaja, Omo ni sabuni ya kufulia nguo, na ngama hakuna aijuaye. Basi mwanafunzi huiandika methali hiyo katika insha kama aandikavyo namba ya simu, kwa kukariri tu.

Kwa baharia kila neno hapo lilikuwa mahali pa kukanyaga. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo, ipasuayo mawimbi. Tezi ni sehemu ya nyuma, aliko mshika usukani. Ngama ni tumbo la chombo, chini kabisa, ambako maji yavujayo katikati ya mbao hukusanyika, na ambako yapasa yakumbwe usiku na mchana, au chombo kizame. Mtu aweza kwenda nyuma akazungumza na nahodha. Aweza kwenda mbele akaitazama nchi inayokaribia. Maji ya ngamani yatamwita. Vitabu hutufundisha kwamba methali hii yasema juu ya kurejea nyumbani. Mimi huisikia kwa ukali zaidi: yasema juu ya kurejea kazini.

Wala mabaharia hawakutosheka na mbele na nyuma, kwa kuwa chombo kina mbavu mbili pia. Sisi wa bara tungesema kulia na kushoto. Waingereza walikuwa na majina mawili ya mbavu hizo, starboard na larboard, yaliyofanana mno yakipigiwa kelele katikati ya dhoruba, hata mwaka 1844 wakuu wa jeshi lao la majini wakaamuru larboard liachwe na port litumike badala yake. Mswahili wa tanga aligawanya mbavu kwa njia nyingine kabisa. Tanga la jahazi hufungwa kwenye foromali, mti mrefu upandishwao mlingotini, na pembe zake mbili za chini huzuiwa kwa kamba. Ile ya mbele, kuelekea omo, ni joshi, ambayo wengine huitamka goshi. Ile ya nyuma ni demani. Kwa kamba hizo mbavu nazo zikapata majina. Joshini ni upande upigwao na upepo. Demanini ni upande wa pili, ambako chombo huinamia.

Mkono wa kulia haubadiliki, lakini joshini hubadilika. Nahodha akigeuza chombo ili upepo uingie kwa ubavu wa pili, palipokuwa joshini pamekuwa demanini, na watu hawana budi kuhama. Asemaye "kulia" amejitaja yeye mwenyewe. Asemaye "joshini" ameutaja upepo.

Kwa nini basi usukani ukapanda reli na joshi ikabaki? Nadhani neno husafiri likiwa na kazi huko liendako. Rubani ni mfano mzuri. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alipewa rubani huko Malindi, naye akamfikisha Calicut tarehe 20 Mei. (Vitabu vingi vya shule vilimtaja Ahmad ibn Majid kuwa ndiye, wanahistoria wa siku hizi hawakubali.) Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha mjini Nairobi kampuni ya ndege ya Wilson Airways, na watu waongozao vyombo vya angani wakahitaji jina. Neno la zamani likapaa pamoja nao.

Joshi na demani hazikupata kazi ya namna hiyo, kwa maana zilikutana na mvuke. Meli iitwayo William Mackinnon ilishushwa katika Ziwa Viktoria mwaka 1900, baada ya vipande vyake kuvushwa bara kwa mabega ya wapagazi. Ile ya Winifred, iliyoshushwa mwaka 1902, vipande vyake vililetwa kwa reli, vikapitia Nairobi. Meli hizo zilikuwa na mbele na nyuma, zilikuwa na nahodha na usukani na nanga. Lakini hazikuuliza upepo watoka wapi.

Huko Lamu upepo huulizwa bado. Siku ya mashindano ya majahazi, chombo kikianza kulala, mabaharia hutoa ubao joshini na kukaa juu yake, nje kabisa, maji yakipita chini ya miguu yao, ili uzito wao ukizuie kisipinduke. Kikifika penye alama na kugeuka, hurejea ndani kwa haraka, huuchomoa ubao, na kuupeleka joshini, ambako sasa ni upande wa pili.